Mafaili ya 2019 kugoma kufunguka: kabla ya kununua draivu mpya, angalia foleni ya tepu

Mkuu, nimelisoma swali lako vizuri. Ofisi yenu ya uwakala wa forodha iko Posta, Dar, kazi za sasa mnaziweka kwenye SSD (diski za kasi), za mwaka jana kwenye diski za kawaida, na za zamani zote ziko kwenye maktaba ya tepu za LTO-8, yaani kabati lenye kaseti za kutunzia data, roboti ya kuzichukua na draivu za kuzisoma. Wakaguzi wanataka skani za nyaraka za 2019, maelfu, na kila mtu akibofya faili anasubiri mpaka programu inagoma. Bosi anauliza kama draivu za LTO-9, kizazi kinachofuata, zitamaliza shida.

Hela hiyo itunzeni kwanza. Nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha seva hapa mjini nikihangaika na mambo haya haya, na mara nyingi niliyoambiwa "mashine iko slo", mashine ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa.

Piga hesabu. LTO-8 inasoma megabaiti 360 kwa sekunde, LTO-9 inasoma 400. Skani yako moja ina megabaiti mbili au tatu, kwa hiyo kuisoma kwenyewe hakufiki hata sekunde moja. Muda unaliwa na roboti kuichukua tepu, draivu kuimeza, halafu kuizungusha mpaka pale faili lilipolala. Tepu ya LTO-8 ina urefu wa karibu mita 960, na data imeandikwa kwenda na kurudi mara nyingi kwenye urefu huo. Kulifikia faili moja ni kama dakika nzima. Mafaili 3,000 yakiombwa moja moja bila mpangilio ni saa 50, hata draivu iwe mpya namna gani. Na kuna jambo ambalo muuzaji huwa halitaji mpaka uulize: LTO-9 inasoma tepu za LTO-8 tu kwa upande wa nyuma. Kama huko chini mna tepu za LTO-7, kizazi cha kabla ya hapo, draivu mpya hazitazigusa.

Sasa tiba. Mtumiaji akibofya faili, mfumo unapokea ombi moja, unalitimiza, unapokea jingine. Ni sawa na bodaboda apewe mzigo wa Mbagala, arudi Kariakoo, apewe wa Tegeta, arudi, apewe tena wa Mbagala, nyumba ya jirani na ile ya kwanza. Usiwaache wakaguzi wabofye. Waombe orodha kamili ya namba za nyaraka, tafuta kila faili liko tepu ipi na sehemu gani ya tepu, kisha uombe yote kwa mkupuo. Programu nyingi za kuhamisha data kati ya ngazi (SSD, diski, tepu) zinajua kufanya hivi. Kwa mfano IBM Storage Archive unaipa orodha ya mafaili kwa amri ya eeadm recall, yenyewe inayapanga kwa tepu na kwa nafasi yalipo. Kila tepu inaingia kwenye draivu mara moja, inasomwa kwa mfuatano, inatoka. Kazi ya siku mbili nimeiona ikiisha kabla ya chakula cha mchana, kwenye draivu zile zile za zamani.

Kabla ya hapo lakini, fungua foleni ya maombi uone nani anaomba. Hapa ndipo watu wengi hushangaa. Faili likishahamia kwenye tepu, kwenye folda linabaki jina na ukubwa tu, kama kivuli. Chochote kinachojaribu kulisoma ndani kinaliamsha. Antivairasi inayokagua folda nzima usiku inafanya hivyo. Programu ya kutafuta maneno ndani ya mafaili inafanya hivyo, na hata Windows ikitaka kuonyesha vile vipicha vidogo vya kurasa. Draivu zinashinda zikihudumia programu ambazo hakuna aliyezituma, na mkaguzi yuko nyuma ya foleni. Iambie antivairasi iyaruke mafaili yaliyohamishwa, zima vipicha kwenye folda za kumbukumbu, na bakapu isiyapitie tena.

Kujua kama faili limehamishwa bila kuliamsha ni rahisi. Kwenye Linux tumia ls -ls: namba ya kwanza ikiwa sifuri au ndogo sana huku ukubwa ulioandikwa ni mkubwa, data yenyewe haipo hapo. Kwenye Windows, amri ya attrib itakuonyesha herufi O.

Mkishayavuta, hakikisha kwanza diski ina nafasi, halafu yafunge yasihamishwe tena mpaka ukaguzi uishe. Sera za kuhamisha data nyingi zinaangalia umri wa faili, na la 2019 ni la zamani hata likirudi leo. Usiku linapelekwa tena kwenye tepu, asubuhi mkaguzi analiomba upya, na lawama zote kwako.

Kwa mbele, acheni kupeleka skani moja moja kwenye tepu. Zifungeni kwa mteja na mwezi ndani ya faili moja la tar au zip, na orodha ya yaliyomo (namba ya nyaraka, mteja, tarehe) ikae kwenye SSD siku zote. Kutafuta kufanyike kwenye orodha hiyo, na tepu iguswe pale tu unapojua unachokitaka.

Kuna mdau amekujibu kwamba mhamie klaudi. Sina ugomvi na klaudi, ila asome masharti. Kwenye S3 Glacier Flexible Retrieval, huduma ya Amazon ya kutunza data za zamani, ombi la kawaida unalisubiri kwa muda wa saa 3 hadi 5, na la bei nafuu 5 hadi 12. Deep Archive, ngazi yao nyingine, unasubiri mpaka saa 12 kwa la kawaida na 48 kwa la nafuu. Hapo bado hujaanza kushusha. Terabaiti moja kwenye laini ya megabiti 100 inakula zaidi ya saa 22, laini ikiwa yako peke yako. Na Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, sote tunakumbuka intaneti ilivyokuwa.

Jambo la mwisho, maana umetaja tepu nyingine ziko stoo Tegeta. Tepu za kutunza zinataka joto la nyuzi 16 hadi 25 na unyevu usiozidi asilimia 50. Stoo ya Dar isiyo na kiyoyozi haifiki huko hata Julai. Zikiletwa, zikae chumba cha seva siku nzima zizoee hali ya hewa kabla ya kuingia kwenye draivu. Kwa hiyo gari liende kuzichukua leo, orodha ya wakaguzi mtaiandaa wakati zinapumzika.