Ukienda Kula Kijapani Masaki, Anza na Wali

Juzi msomaji mmoja wa Tabata kaniandikia. Wifi zake walimtoa mtoko Masaki, mgahawa wa Kijapani, na pembeni mwa sahani yake kulikuwa na donge dogo la kijani. Akajua ni parachichi lililopondwa, akalichota lote kwa mara moja. Machozi, kikohozi, meza nzima ikaangua kicheko, na video ikaishia kwenye grupu la familia. "Dada, nifanyeje nisiaibike tena?" kamalizia.

Kwanza, mdogo wangu, aibu si yako. Mhudumu anayeijua kazi yake humwambia mgeni kilichomo sahanini kabla hajageuka kuondoka. Pili, ile ni wasabi, na kwa uwezekano mkubwa hata wasabi yenyewe si wasabi. Ile ya kweli ni shina la mmea unaopenda maji baridi yanayotiririka. Hukwanguliwa mbele yako, na baada ya robo saa ukali wake umeshafifia. Ni ghali hata kwao Japani. Tunayopewa kwenye migahawa mingi, hapa na kwingineko duniani, ni unga wa mzizi mwingine mkali, haradali na rangi ya kijani, ukakorogwa na maji. Ukali wake haukai ulimini kama wa pilipili, unapanda puani, kwa hiyo kugugumia maji hakusaidii kitu. Fungua mdomo, pumua taratibu, utapita wenyewe. Kipimo chake ni punje ya choroko kwa kipande kimoja. Si zaidi.

Sasa tuje kwenye kinachowapotosha wengi. Sushi si samaki mbichi. Sushi ni wali uliotiwa siki, samaki ni kitoweo chake. Samaki mbichi aliyekatwa vipande bila wali ana jina lake, sashimi. Basi sisi tuliolelewa na wali tunaogopa nini? Ulimi wa kuupima mgahawa wa Kijapani unao tayari, umekaa nao tangu ukiwa mtoto unakula ubwabwa.

Upime hivi. Kabla ya kuagiza masahani makubwa, agiza nigiri za yai, ambazo mara nyingi ndizo za bei nafuu kwenye menyu. Nigiri ni kitonge cha wali chenye kitu juu, na kawaida zinaletwa mbili mbili. Shika moja, ing'ate nusu, kisha tazama palipokatika. Punje zionekane moja moja huku zimeshikana: zisimwagike kama pilau, zisivurugike kama bokoboko. Wali uwe na joto la mwili, yaani ukiuweka mdomoni usihisi baridi wala moto. Ukiwa wa baridi na mgumu katikati, umetoka kwenye friji. Wanga wa wali hukaza ukilala kwenye baridi, ndiyo sababu kiporo cha jana hakilainiki mpaka ukipashe moto, na nigiri haipashwi moto. Mgahawa unaokuletea kiporo kwenye nigiri za yai utakuletea kiporo chini ya jodari wa bei mbaya. Kunywa supu yako ya miso, lipa, nenda zako.

Tazama na ukubwa wa kitonge. Mpishi mwenye adabu hutumia wali wa gramu 15 hadi 20 hivi. Ukiona kitonge kama cha kulishia mtoto na juu yake kipande cha samaki chembamba kinachopitisha mwanga, unauziwa wali.

Siki nayo haiwekwi kwa ladha tu. Wali uliopikwa ukaachwa nje una bakteria ambao mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, ndio hao hao wanaotuharishia kiporo. Uchachu unawazuia wasizaliane, na bila huo wali wa sushi usingeweza kukaa kaunta saa kadhaa katika joto la Dar. Kwa vikombe viwili vya mchele mkavu, kadiria siki ya mchele robo kikombe, sukari vijiko vikubwa viwili na chumvi kijiko kimoja cha chai, vinachanganywa wali ukiwa bado unatoka mvuke. Uchachu usiposikika kabisa, jikoni wamebania siki. Na mchele lazima uwe ule mfupi unaonata. Mchele wa Kyela naupenda kuliko mwingine wowote, lakini si wa kazi hii: haushikani vya kutosha, kwa hiyo anayeutumia huupika ukarojeka ili ushikane, na harufu yake nzuri inagombana na samaki.

Kuhusu samaki, watu wanakazania salmoni kwa sababu ya rangi na picha. Salmoni hatoki bahari yetu, ameletwa kwa ndege au kwa kontena la baridi. Hata Wajapani wenyewe hawakuwa na desturi ya kumla mbichi kwenye sushi mpaka Wanorwe walipoanza kuwauzia wa kufugwa miaka ya 1980. Wa kwao wa porini walimwogopa kwa minyoo. Kwa hiyo mhudumu akikwambia alikuwa kwenye frizi, usikunje uso. Kugandisha ndiko kunakoua minyoo: nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15 tangu agande. Frizi la nyumbani linalofunguliwa kutwa, na umeme wenyewe wa kukatika, usiliamini kwa kazi hiyo.

Jodari ndiye wetu, na akiwa mzuri anampita salmoni kwa mbali. Lakini jodari ana tabia yake, hasamehe joto. Akikaa mashuani bila barafu tangu avuliwe, bakteria kwenye nyama yake hutengeneza histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, na hiyo haiondoki kwa kugandishwa wala kwa kupikwa. Unaweza usisikie harufu yoyote. Dalili ni ulimi kuwasha kama umeng'ata pilipili manga, kisha uso kupata moto, kichwa kugonga, moyo kwenda mbio, pengine na vipele, ndani ya dakika chache au saa moja mbili. Watu husema wana mzio wa jodari kumbe walikula jodari aliyepigwa na jua. Ulimi ukiwasha, tema, usimalize kwa kuwa umelipia. Kifua kikibana, hospitali moja kwa moja. Na hapa ndipo ninapowasihi mnaoandika "nimenunua jodari Feri, nataka kujaribu sushi nyumbani": kama hukumwona akitoka kwenye barafu, mkaange. Feri kuna samaki mzuri sana, ila barafu ndiyo inayoamua nani wa kuliwa mbichi na nani wa nazi.

Sahanini mtazame hivi. Jodari wa kawaida ana wekundu uliotulia na kadiri anavyokaa anaelekea kahawia. Mwenye wekundu wa pipi, sawasawa kila mahali, huenda amepulizwa gesi ya kaboni monoksaidi ili rangi isibadilike, kwa hiyo rangi yake haikwambii lolote kuhusu umri wake. Kingo zikiwa kavu na zimejikunja, alikatwa zamani. Ule mng'ao wa rangirangi kama wa mafuta juu ya maji usikutishe, ni mwanga tu unaocheza kwenye nyuzi za nyama. Kusi likivuma kwa nguvu, Juni hadi Agosti, vyombo vidogo havitoki mbali, na hapo swali la "jodari ameingia lini?" lina uzito zaidi. Liulize kwa upole ukiwa umekaa kaunta, mbele ya mpishi. Mpishi mwenye samaki mzuri hufurahia kuulizwa.

Kila nikiandika habari hizi hakosi mtu wa kunijibu kwamba samaki mbichi ni chakula cha paka. Sawa. Mtu huyo huyo anakula kachumbari iliyokaa juani tangu saa nne asubuhi. Lakini hata yeye ana chake mezani: pweza wa sushi kwa kawaida amechemshwa, kamba wa nigiri pia, na samaki aitwaye mkunga anachomwa na kupakwa mchuzi mtamu. Mla supu ya pweza aanzie hapo. Mjamzito abaki na vilivyopikwa. Tempura ya kamba, yaani kamba aliyechovywa kwenye rojo la unga akakaangwa, haina kibichi, ila mwenye mzio wa kamba, ngano au yai aiache. Upishi wenyewe wanasema ulifika Japani na Wareno, wale wale waliotusumbua Kilwa karne hiyo hiyo ya 16. Iwe nyeupe kuelekea njano, kavu, ikatike kwa sauti. Ikikuachia mafuta vidoleni, karai halikuwa na moto wa kutosha.

Kwa wanaochunga halali, usitazame nguruwe peke yake. Mirini, ile inayotiwa kwenye teriyaki na michuzi mingi, ni kilevi cha mchele chenye alkoholi kama asilimia 14. Mchuzi wa tambi za rameni mara nyingi ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa saa nyingi, hata kama juu wameweka kuku. Vile vijiti vyekundu vya "kaa" ni nyama ya samaki mweupe iliyosagwa na kutiwa ladha, na huko nako mirini huingia. Uliza "mchuzi una nini?", usiulize "kuna nguruwe?", maana utajibiwa ulichouliza tu.

Adabu za mezani ni chache. Vijiti usivisimike kwenye wali wala usimpokeze mwenzako chakula kijiti kwa kijiti, yote mawili kwao ni mambo ya msiba. Usivisugue kana kwamba unawasha moto. Vikikushinda, nigiri huliwa kwa mkono, na hata wenyewe hufanya hivyo. Ishike kwa vidole vitatu, ilaze ubavu, chovya upande wa samaki kwenye sosi ya soya, uiingize nzima mdomoni. Ukichovya wali, unanyonya sosi kama sponji, kitonge kinafumuka kisahanini na chumvi inaua kila kitu. Sosi yenyewe mimina kijiko kimoja, ukipungukiwa ongeza. Tangawizi ya siki ni ya kusafishia ulimi kati ya samaki na samaki, usiipange juu ya nigiri kama achari. Anza na samaki mweupe, wenye mafuta wafuate, roli, zile za wali ulioviringishwa na mwani, ziwe mwisho.

Ila roli ya koni, ile ya mwani unaoshikwa mkononi, hiyo haisubiri. Mwani umekaushwa ukawa kama karatasi, na ukigusana na wali wa uvuguvugu katika unyevu wa Dar, dakika mbili tatu umeshakuwa mpira. Halafu kuna wale wenzangu na mimi: koni imeletwa, simu juu, geuza sahani, shika wewe nikupige, hebu tabasamu, rudia. Dakika kumi. Kisha wanatafuna, wanavuta kwa meno, wanaandika mtandaoni kwamba mgahawa haufai. Jamani! Mpishi kaamka alfajiri kwa ajili ya chakula hicho, na wewe umeenda kuipikia simu. Piga picha ya supu, ile inafunikwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, sushi ya kuletewa na bodaboda kutoka Masaki mpaka Mbezi Beach jioni ya Ijumaa siipendekezi. Samaki anakaa mgongoni mwa mtu katika joto, wali unapoa, mwani umekufa kabla ya Mwenge. Ukilazimika kuletewa, agiza gyoza, vile vijisambusa vya Kijapani, kuku wa teriyaki au wali wa kukaanga, na tambi za rameni ziombe zifungwe mbali na mchuzi wake.

Kingine ni kiasi. Roli moja huwa na vipande sita au vinane. Mtu mwenye njaa ya kawaida hushiba kwa roli mbili na supu, au nigiri kumi na mbili hivi, kwa hiyo agizeni kwa awamu, msijaze meza. Kabla ya kuagiza soma maandishi madogo chini ya menyu mjue kama kodi na huduma vimo ndani ya bei, na bili ikija dai risiti. Kilichobaki kikiwa kibichi kiacheni hapo hapo. Tempura fungasha: kesho yake iweke kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, bila mafuta, dakika tatu kila upande. Usiitie kwenye maikrowevu, itatoka imelowa.