Maji hayatoshi, au hayafiki?

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Skuli tunafundishwa kuwa rasilimali ni haba na mahitaji ya watu hayana kikomo. Nilipomwambia ami yangu, akanicheka: "Mungu haumbi kinywa akakisahau." Lakini mfereji wetu unatoa maji siku mbili tu kwa wiki, na watu wanazidi. Nani msema kweli?
– Mwanafunzi wa kidato cha tano, Wete

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Nisalimie ami yako.

Disemba 2009 wewe ulikuwa mdogo, tena huko Pemba. Huku Unguja umeme wa kutoka Bara ulikatika, ukarudi Machi 2010. Nilikuwa nikikaa Michenzani, ghorofa ya nne. Pampu zilisimama, mifereji ikakauka, na vijana wakawa wanapandisha madumu kwa ngazi, kila ghorofa na bei yake. Maji yalikuwa pale pale chini ya ardhi. Kilichokosekana ni cha kuyapandisha. Aliyekuwa na jenereta na kisima chake alioga kama kawaida, na aliyekosa alisikia maji "hayapo".

Basi mtu akikwambia kitu hakitoshi, muulize: hakitoshi, au hakifiki? Na kwa nani?

Chukua bati la nyumba yenu. Tuseme lina mita 60 za mraba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na Pemba hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Hizo ni lita 90,000. Mkikinga nusu tu, mna zaidi ya lita 120 kwa kila siku ya mwaka. Ila mvua nyingi hunyesha masika, kwa hiyo lazima muwe na tangi kubwa la kuiweka, na bei ya tangi unaijua. Hapo haba si maji tena, ni fedha za tangi.

Lakini ami yako asishangilie mapema. Maji yasiyo na chumvi chini ya ardhi ya visiwa vyetu yameelea juu ya maji ya bahari, na ukiyavuta kwa pupa karibu na pwani, chumvi inaingia kisimani. Hilo halina ubishi. Mungu ameleta riziki, bwana. Pampu ya hoteli ameileta binaadamu.

Kitabu chako nacho hakisemi uongo: shilingi ile ile hainunui bomba na dawa kwa pamoja, lazima mtu achague. Mtihani ukija, jibu kama kilivyoandikwa, upate maksi zako. Ila kitabu hakikwambii nani amechagua kwa niaba yako.

Mwende kwa sheha, wewe na ami. Msimuulize kwa nini maji ni machache. Muulizeni hizo siku tano maji hayafiki kwa sababu gani: umeme, bomba linalovuja, au maji yamegeuzwa mtaa mwengine? Atakalowajibu, niandikie.