Swali la lugha: Siku inapojirudia, Phil "huamka", "anaamka" au "akaamka"?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Natafsiri maandishi ya chini na mihtasari ya filamu za mapenzi za msimu wa sikukuu, zile nyepesi za kuchekesha ambamo mhusika kila akilala anaamkia siku ileile. Nimeanza na Groundhog Day. Muhtasari wangu unasema: "Phil huamka saa sita asubuhi. Husikia redio, huteremka ngazi, huenda uwanjani, humwona Rita, hujaribu kumbusu na Rita humpiga kofi." Mwenzangu anasema hu- zimezidi, niweke "anaamka" kote. Mwingine anataka "akaamka". Tena tunabishana kama siku inarudi, inarudiwa au inajirudia. Nani yuko sawa?

JIBU: Marahaba. Kabla hatujagusa hu-, rekebisha saa. Ile saa ya kando ya kitanda inayogeuza kibao kutoka 5:59 kwenda 6:00 inasema saa kumi na mbili asubuhi. Saa sita jua liko utosini, na mtangazaji anayeamka wakati huo ameshakosa kazi. Tarakimu za kwenye skrini ziache zilivyo, maana mtazamaji wetu amezoea kuona 6:00 akatamka saa kumi na mbili. Kosa linaingia pale maandishi ya chini yanapoinakili tarakimu badala ya kuitaja saa.

Kwa wasioijua filamu yenyewe: ni ya 1993, iliongozwa na Harold Ramis. Phil Connors (Bill Murray), mtangazaji wa hali ya hewa wa kituo cha televisheni cha Pittsburgh, anatumwa mji mdogo wa Punxsutawney, Pennsylvania, kuripoti sherehe ya tarehe 2 Februari. Siku hiyo mnyama mmoja wa jamii ya kindi, mchimba mashimo, hutolewa mbele ya watu. Akiona kivuli chake, husemwa kwamba baridi itaendelea wiki sita zaidi. Dhoruba ya theluji inafunga barabara, Phil analala palepale, na anapoamka ni tarehe 2 tena. Rita (Andie MacDowell) ni mtayarishaji wa kipindi chake.

Hizo "hutolewa" na "husemwa" nimezitia makusudi, kwa sababu hapo hu- iko nyumbani kwake. Hu- haibebi nafsi wala wakati, inabeba ada. Jua huchomoza mashariki, watu wa mji ule humtoa mnyama wao kila Februari. Anayesema kwa hu- anamhakikishia msikilizaji kwamba jambo hilo ndivyo lilivyo, jana, leo na mwakani. Sasa rudi kwenye sentensi yako: "Rita humpiga kofi." Umeshamfanya Rita mwanamke mwenye tabia ya kupiga watu makofi, na Phil mwanamume mwenye mazoea ya kuyapokea. Kumbe kila kofi, kwa Rita, ni la kwanza na la pekee. Anayeyahesabu ni Phil peke yake.

Mwenzako wa kwanza kwa hiyo ana hoja, ila dawa yake ni kali kupita ugonjwa. Ukiweka -na- kote, redio inalia, mzee anasalimia, Phil anajibu, Rita anacheka, kila kitu kinakaa kwenye ubao mmoja, na msomaji hajui kipi kimeganda na kipi kinabadilika. Hadithi za namna hii zinaishi kwa tofauti hiyo tu. Mji mzima umesimama, mtu mmoja anatembea.

Kanuni ninayoipendekeza ni hii: kisichobadilika kipe hu-, anayejua kwamba siku inajirudia mpe -na-. Redio hulia, watangazaji wake wawili hutania kuhusu baridi, mzee wa kwenye korido huuliza kama mgeni anakwenda kumwona mnyama, Bi Lancaster mwenye nyumba ya wageni huuliza kama amelala vizuri. Hao ni jua na mwezi wa hadithi. Phil anajibu, anaduwaa, anatukana, anadanganya. Rita ni mgumu kidogo, kwa sababu anayoyafanya yanategemea Phil amefanya nini. Naye mpe -na-, isipokuwa kwa mambo anayoyafanya bila kujali Phil kafanya nini.

Kisha sikiliza kinachotokea baadaye. Phil anapoacha kupambana na siku na kuanza kuitumia, anachukua masomo ya piano (kwa mwalimu wake kila somo ni la kwanza) na anawahi mahali fulani saa fulani kumdaka mtoto anayeanguka kutoka mtini. Hapo mkabidhi Phil hu- yake: "Kila siku humdaka mtoto yule, na mtoto hamshukuru." Umeeleza kwa silabi moja kwamba Phil sasa ni mwenyeji wa siku ile. Ukiwa umemmwagia hu- tangu ukurasa wa kwanza, silaha hii huna tena.

Na -ka-? Inafaa sana ndani ya siku moja, haifai kuvuka usiku. -Ka- huunganisha tendo na lililolitangulia: lile lilitokea, hili likafuata. Ukiandika "Phil akalala, akaamka, akasikia redio", msomaji wa Kiswahili anapokea bila swali kwamba kumekucha siku ya pili, na mshangao wote umekwenda na maji. Mnyororo wa -ka- ukatike kwenye usingizi. Weka nukta, anza sentensi mpya kwa redio: "Akazima taa. Redio inalia. Wimbo uleule." Kwa sababu hiyohiyo jihadhari na "kesho yake" na "siku iliyofuata", maneno yanayotoka kalamuni bila kufikiri. Hakuna siku iliyofuata. Sema "mara ya pili", "mara ya tatu", au "asubuhi nyingine".

Ukishaamua hu- ikae wapi, kuna mitego yake inayouma zaidi kwenye maandishi ya chini, ambapo mtazamaji ana sekunde mbili tatu tu za kusoma.

Vitenzi vya silabi moja hudondosha ku-. Phil anapojaza meza keki na kuzila bila kujali afya, ni "hula", si "hukula". "Hukula" maana yake wewe hukula chochote. "Huenda" nayo imeshakuwa neno la shaka: "Phil huenda uwanjani" itasomwa na wengi kama labda Phil yuko uwanjani. Andika "huelekea".

Mbaya zaidi ni vitenzi vyenye asili ya Kiarabu, kwa sababu havibadilishi irabu ya mwisho vinapokanushwa. "Huamka" na "huamki" hazichanganyiki. Lakini "husahau" ni yeye ana kawaida ya kusahau na pia ni wewe husahau. "Hukubali", "hurudi", "hujibu" na "hufikiri" vivyo hivyo. Hadithi za siku inayojirudia zimejengwa juu ya vitenzi vya kusahau, kurudi na kukubali, kwa hiyo utakutana navyo kila dakika. "Rita husahau kila kitu" ni masimulizi. Tia mkato, "Rita, husahau kila kitu", na umemwambia Rita ana kumbukumbu nzuri kabisa. Mkato haupaswi kubebeshwa mzigo huo kwenye skrini ya simu. Tumia "huwa anasahau", "huwa hakubali". Ukitaka kukanusha ada, njia ni hiyo pia, kwa kuwa hu- yenyewe haina ukanushi wake: "huwa hakumbuki", au "hakumbuki" peke yake. Ile "anasahauga" ya mitaa ya bara iache kwenye mdomo wa mhusika anayestahili kuisema, usiilete kwenye muhtasari.

Muhtasari wako, basi, ningeuandika hivi:

"Saa kumi na mbili kamili asubuhi redio hulia. Mzee wa kwenye korido humsalimia mgeni, Bi Lancaster humuuliza kama amelala vizuri. Mara ya kwanza Phil anajibu kwa mkato. Mara ya pili anaduwaa. Akishatambua kwamba yeye tu ndiye anayekumbuka, anaanza kumchunguza Rita: anakunywa nini, anapenda nini, anachukia nini. Leo anakosea kinywaji. Safari nyingine anaagiza kilekile anachokipenda Rita, naye anashangaa jinsi wanavyofanana. Jioni anajaribu kumbusu. Anakula kofi."

Angalia "anakula kofi". Mtendaji hatajwi, na tendo limebaki kwa Phil ambaye ndiye anayeyajumlisha. Angalia pia "safari nyingine" badala ya "kesho".

Kuhusu kurudi. "Siku inarudi" ni ya kalenda: Idi inarudi, Krismasi inarudi, baada ya mwaka. "Inarudiwa" inaleta mwenye mamlaka nyuma ya pazia, kama mechi iliyofutwa au mtihani uliovuja. Inakubalika ikiwa hadithi ina mtu au nguvu iliyoamua, kwa mfano mzee wa Krismasi aliyepewa ombi. Groundhog Day haielezi sababu hata mara moja, kwa hiyo "inajirudia" ndiyo sahihi, na atakayekuambia si Kiswahili muulize kama hajapata kusikia historia hujirudia. "Kitanzi cha wakati" kipo, na watu wa kompyuta wamekizoea kitanzi chao, ila kwenye tangazo la filamu ya kuchekesha kitanzi kinanuka mti na kamba. Ningesema tu "amenaswa katika siku ileile". Si "katika siku moja", ambayo inaweza kusomwa kama mwanzo wa ngano.

Na kwa kuwa tumefika kwenye "ileile": usiibadilishe na "hiyohiyo" kiholela. "Aliamka siku hiyohiyo" ni mtu aliyejilaza adhuhuri akaamka alasiri, au mgonjwa aliyezindukana kabla ya jua kuzama. Msimulizi aseme "siku ileile". Phil mwenyewe, akiwa ndani yake, aseme "siku hiihii". Ziandike neno moja, kama "vilevile". "Tena" nayo ikae nyuma ya kitenzi, "ni tarehe 2 tena". Ukiitanguliza, "tena ni tarehe 2", umesema zaidi ya hayo ni tarehe 2.

Ukitoka Punxsutawney ukaingia filamu za Krismasi, utakutana na tatizo la mkesha. 12 Dates of Christmas, filamu ya televisheni ya Marekani ya 2011, inamrudisha Kate (Amy Smart) kwenye tarehe 24 Desemba. Mkesha ni kukesha, ni usiku. "Asubuhi ya mkesha wa Krismasi Kate ananunua" ni sentensi inayokwenda kwa magongo. Kwa mchana andika "tarehe 24 Desemba" au "siku moja kabla ya Krismasi", na mkesha uuweke giza likiingia. Jina la kundi lenyewe liandike kwa wingi, "filamu za mapenzi za sikukuu". Kwa umoja, "filamu ya mapenzi ya sikukuu" inaacha shaka kama ni filamu au ni mapenzi yaliyo ya sikukuu, na ukigeuza ikawa "filamu ya sikukuu ya mapenzi", umekwenda Februari 14.

Filamu hiyo ya Kate ndiyo itakayokupa kazi tamu zaidi ya nyakati. Anakutana na Miles (Mark-Paul Gosselaar) kwa miadi ya watu wasiojuana, na kwa Miles kila miadi ni ya kwanza. Kate ana haki ya -mesha- na Miles hana: "Tumeshaongea haya" dhidi ya "Hatujawahi kuonana". Usimpe Miles -mesha- hata kwa bahati mbaya, mtazamaji atadhani naye amezinduka. Katika mapenzi Kiswahili kina hazina ambayo wafasiri wengi wanaipita. "Nimekupenda" ni la mtu aliyevutiwa sasa hivi, jicho lilipotua. "Nakupenda" ni la hali iliyokwisha kukaa. Baada ya jioni moja Miles anaweza kusema "nimekupenda" na ikamkaa. Kate, aliyekwisha kukusanya jioni zake, aseme "nakupenda". Maandishi ya chini yakiwapa wote wawili neno moja, pengo lililo kati yao limezibwa na mfasiri.

Swali hukuliuliza, lakini utalifikia mwishoni mwa Groundhog Day. Tarehe 3 imefika, Phil anamwambia Rita kwamba leo ni kesho. "Leo ni kesho" litasomwa kama kosa la kuchapa. Andika "Leo ndiyo kesho", na iwe "ndiyo", si "ndio", kwa kuwa leo, jana na kesho hufuata ngeli ya siku: leo hii, kesho yake.