Mbwa wa kufuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa: kazi yake halali? Na nyama inaliwa?

SWALI: Assalaam alaykum shehe. Mimi nipo Mafinga, nafanya kazi ya mbao. Mdogo wangu yupo Ujerumani anasomea mambo ya misitu, sasa kule kawekwa kwenye kazi ya kufundisha mbwa wanaotafuta ayala waliopigwa risasi wakakimbia nayo mwilini. Anasema mbwa anafungwa kamba ndefu, ananusa alama za damu na nyayo mpaka wanamkuta mnyama, mfu au mzima. Mama aliposikia neno mbwa akaanza kulia kwamba mtoto kaharibikiwa na Ulaya. Naomba kujua kazi yenyewe ikoje kidini, mshahara wake, na nyama akipewa ale au asile. Pia akirudi nataka atufundishie mbwa mmoja huku Mufindi kwa ajili ya pongo, maana watu huku wanajeruhi wanyama halafu wanawaacha tu porini. Allah akulipe kheri.

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, na kamwene sana ndugu yangu. Kwanza mpe mama salamu zangu, mwambie mtoto hajaharibikiwa kwa hilo. Sisi Waislamu wa huku ukitaja mbwa tu watu wanakunja uso, kumbe Qur'an yenyewe Suratul Maida aya ya 4 imewataja wanyama wa kuwindia waliofundishwa na ikaruhusu kula wanachotukamatia tukikitajia jina la Allah. Na Masahaba walikuwa nao. Adiy bin Hatim wa kabila la Tayy, mtoto wa yule Hatim aliyesifika kwa ukarimu, watu wake walikuwa wawindaji wa mbwa na mishale, na yeye ndiye aliyemuuliza Mtume (s.a.w) maswali mengi ya jambo hili, hadithi zake zipo kwa Bukhari na Muslim na sehemu kubwa ya majibu yangu hapa inatoka kwake. Hata ile hadithi ya kwamba anayefuga mbwa anapungukiwa thawabu qirati (kipimo cha thawabu) kila siku (riwaya nyingine zinasema qirati mbili) imewatoa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Kwa hiyo kufuga na kufundisha mbwa wa kazi hii hakuna tatizo, hilo tumemaliza.

Sasa twende kwenye penyewe. Watu wakiulizwa habari hii wanakimbilia moja kwa moja hukumu za mbwa anayekamata na kuua, wanaanza kuuliza je alikula, je alitumwa kwa bismillahi, wakati mbwa wa mdogo wako haui. Yupo kwenye kamba yake, kazi yake kuonyesha njia. Aliyeua au aliyejeruhi ni risasi. Kwa hiyo swali la nyama usilipeleke kwa mbwa, lipeleke kwa aliyepiga risasi na kwa aliyeshika kisu mwisho wa safari.

Nimeisoma kidogo kazi hii kabla ya kukujibu, na kusema kweli imenifurahisha. Wajerumani wana mbwa wa aina zao za kazi hii, yupo wa Hannover, yupo wa milima ya Bavaria, na hata wale wafupi wa miguu mnaowaona wanachekesha nao ni hodari sana. Mbwa akifundishwa anatengenezewa njia porini kwa matone machache ya damu au kwa kiatu maalumu kilichofungwa kwato za ayala chini yake, halafu njia inaachwa ipoe. Kwenye mtihani wao mmoja njia inakuwa na urefu wa mita 1000 au zaidi, damu iliyotumika robo lita tu, na imelala saa 20 au hata 40 kabla mbwa hajaletwa. Na kumbe mbwa hafuati damu peke yake, kati ya kwato za ayala kuna tezi inayoacha harufu ardhini, kwa hiyo hata damu ikikatika mbwa mzuri anaendelea na mnyama yuleyule aliyeumia na anawapita wazima waliokatiza njia. Subhanallah, elimu hiyo Maida imeigusa pale iliposema mnawafundisha katika yale aliyokufundisheni Allah.

Nyama sasa. Wakimkuta amekufa tayari, mpigaji alitaja jina la Allah wakati wa kufyatua, na mwilini hamna alama nyingine ya kuua zaidi ya tundu la risasi, basi ni halali. Mtume (s.a.w) alimwambia Adiy kwamba akimkuta baada ya siku moja au mbili na hamna ila alama ya mshale wake, ale. Na Sahaba mwingine, Abu Tha'laba, aliambiwa hata baada ya siku tatu ale maadamu haijanuka, hii ipo kwa Muslim. Kwenye madhehebu yetu ya Shafi kuna kauli mbili kuhusu mnyama aliyepotea machoni kisha akakutwa mfu, wapo waliokataza, lakini Imam Nawawi mwenyewe kasema dalili ya kuruhusu ndiyo yenye nguvu, nami nipo hapo. Ila akikutwa ndani ya maji asiliwe, hadithi imetaja hilo wazi, kwa sababu hujui kilichomuua ni maji au mshale. Hivyo hivyo akikutwa chini ya genge amevunjika shingo, au mbweha kashamtafuna na hujui nani alimmaliza. Ukiwa na shaka unaacha. Na risasi ya leo inatoboa na kumwaga damu, kwa hiyo maulamaa wengi wa zama zetu wameipa hukumu ya mshale, sio ya gongo linaloua kwa kuponda.

Wakimkuta mzima hapa ndo watu wanakosea. Kama ana uhai wa kutulia, kalala, hawezi kukimbia wala kupigana, unaweza kumfikia ukamshika, basi huyo si wa kuwinda tena, huyo ni wa kuchinja, kisu kooni na bismillahi. Akimaliziwa kwa risasi ya kichwa wakati kisu kipo na nafasi ipo, Muislamu asimle, hata kama risasi ya kwanza ilipigwa kwa bismillahi. Lakini kama kasimama ana pembe na anarusha, au anaamka kila mkimsogelea na kukimbia tena, huyo bado ana hukumu ya porini, apigwe tu. Na ukimkuta anakata roho, hujapata hata mda wa kuchomoa kisu akafa, ni halali, hukuzembea. Mdogo wako awe na kisu kikali kiunoni siku zote, sio butu la kukatia mkate.

Nani kapiga? Huko wapigaji wengi sio Waislamu. Akiwa Mkristo au Myahudi, Maida aya ya 5 imehalalisha chakula chao na wanazuoni wengi wameingiza humo na mawindo yao, Imam Malik ndiye aliyetofautiana kwenye mawindo. Akiwa hana dini kabisa, na wapo wengi siku hizi, mnyama wake akifa kwa risasi yake asile. Ila akikutwa mzima uhai wa kutulia na mdogo wako mwenyewe akamchinja, ni halali, mpigaji hatuna habari naye. Asione haya kumwambia bosi wake mapema kwamba tukimkuta hai niachieni nimchinje, wazungu ukiwaeleza jambo kwa utaratibu wanaelewa kuliko ndugu zako wa Mafinga.

Kuna jambo kwenye maelezo ya kazi hii lilinifanya nisimame nifikirie, sijui kama kakuambia. Wakifika pale mnyama alipopigwa wanapiga magoti wanachungulia majani. Damu nyekundu ya kung'aa yenye mapovu ni ya mapafu, huyo hayupo mbali. Damu nyeusi nyeusi ni ya ini. Wakikuta uchafu wa kijani na harufu, risasi imepita tumboni, na hapo hawamfuati mara moja, wanasubiri masaa kadhaa ndo wanamfungulia mbwa njia. Mtu atasema, sasa hiyo si kumwacha kiumbe ateseke wakati wao wanakunywa kahawa? Mahanafi wameweka sharti kabisa kwamba mpigaji asikae akaacha kumtafuta mnyama wake, akikaa kisha akamkuta mfu haliwi. Nikaangalia sababu ya kusubiri, nikakuta mnyama wa tumbo ukimfukuza mapema anaamka na kukimbia mbali sana, anateseka zaidi na pengine hapatikani tena, lakini ukimpa nafasi analala chini karibu. Basi kusubiri kwa nia hiyo ni sehemu ya kutafuta, sio kuacha kutafuta. Mtume (s.a.w) alisema katika hadithi ya Shaddad bin Aws kwamba Allah ameandika wema katika kila kitu, mkiua ueni vizuri, mkichinja chinjeni vizuri, mtu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Kazi ya mdogo wako mimi naiona humo ndani. Kinachonikera ni hawa wa kwetu, mtu anapiga gobore jioni, pongo anakimbilia msituni na goroli tumboni, yeye anasema aah kapotea huyo, anarudi kula ugali wake, keshokutwa nzi ndo wanaonyesha alipo. Kama huna uwezo wa kumfuata uliyemjeruhi usifyatue, basi.

Mshahara ni halali, analipwa kwa jasho lake na elimu yake. Tahadhari mbili. Moja, asiuze watoto wa mbwa. Mtume (s.a.w) kakataza thamani ya mbwa, na Mashafi hatusahihishi mauzo hata ya mbwa wa kuwinda, ingawa Mahanafi wamesahihisha. Akitaka hela alipwe kwa mda anaofundisha, mbwa mwenyewe amtoe zawadi. Pili, huko Ulaya mbwa hawa wanafuatilia sana na nguruwe pori. Kumtafuta nguruwe aliyejeruhiwa ili apumzishwe sioni ubaya wake, naye ni kiumbe anaumia, lakini kumchuna, kumpakia kwa ajili ya kuuzwa na kupokea mgao wa nyama yake hapana, hapo aombe mwingine ashike.

Kuhusu najisi. Sisi Mashafi mbwa ni najisi na panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mkono mkavu kwenye manyoya makavu hauna kitu, tatizo ni unyevu, na mbwa wa kunusa majani yenye umande analowa kuanzia pua mpaka mkia, kamba inalowa, suruali inalowa. Wewe wa Mufindi ukungu unaujua, kuna siku jua hulioni mpaka mchana, kwa hiyo usitegemee mbwa mkavu. Awe na suruali, buti na glavu za kazi tu, akitaka kuswali avue avae safi, na chombo cha maji cha mbwa kisichanganyike na vya nyumbani. Akizidiwa kabisa, yupo peke yake msituni, baridi, wakati wa swala unatoka, madhehebu ya Malik yanaona mbwa si najisi, achukue rukhsa hiyo aswali, asiache swala. Mbwa asilale chumbani, ajengewe banda lake la maana, alishwe na anyweshwe, maana mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu Allah alimsamehe madhambi yake, hadithi hiyo mnaijua wote.

Nyama ya mnyama palipong'atwa na mbwa nayo kwetu ni ya kuoshwa mara saba na udongo, wengine wamesamehe. Na ile zawadi ndogo wanayompa mbwa mwisho wa njia, kipande cha ngozi au nyama, haiharibu kitu, kwa sababu yeye hakuwa muuaji.

Mpango wako wa Mufindi sasa, hapa nakaza. Wanyama wa porini wapo chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi, na sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya 2009 inataka leseni. Ukikutwa na paja la pongo bila karatasi hiyo ni nyara za serikali, utakuwa unaswali Ijumaa ndani ya mahabusu. Nenda ofisi ya maliasili ya wilaya uulize kabla hujamleta mbwa yeyote, na uliza swali la mbwa peke yake, usiulize la leseni tu, maana majangili wa huku wanatumia mbwa na askari hawatakuuliza mbwa wako kafundishwa wapi. Aliyewinda bila kibali nyama yake haigeuki mzoga ikiwa kachinja sawasawa, lakini ana dhambi ya kuvunja amri halali na kuchukua cha umma, asitafute fatwa ya kujisafishia.

Ukipata ruhusa, angalia mbwa wa majirani. Mbwa wako akibweka mara moja tu bondeni wanatoka wa kijiji kizima wanaungana naye, na pongo aliyejeruhiwa hana pa kwenda, watamrarua. Adiy aliuliza hilohilo, akaambiwa akikuta mbwa mwingine pamoja na wake na hajui nani kaua asile, kwa sababu alitaja bismillahi kwa mbwa wake, hakutaja kwa mwingine. Kwa hiyo wa kwenu abaki kwenye kamba mwanzo mpaka mwisho, na ukiwakuta hao wengine wameshamuua, nyama waachie wao.

Wallahu aalam.