Re: Kwa nini volkano nyingine hulipuka na nyingine hutiririka tu?

Mkuu, umeuliza kinachofanya mlipuko uwe mkali, na kama wanasayansi wanaweza kujua mapema.

Mlipuaji ni gesi, hasa mvuke wa maji, iliyoyeyuka ndani ya magma (mwamba wa moto ulioyeyuka chini ya ardhi). Magma ikipanda, mgandamizo unapungua na gesi inatoka kwa viputo. Magma yenye silika kidogo (silika ni kitu kile kile kinachounda mchanga na kioo) ni ya majimaji. Viputo vinajitokea na lava inatiririka, kama Kilauea kule Hawaii. Silika ikiwa nyingi, magma inakuwa nzito ya kunata. Viputo vinanaswa humo, vinavimba, mwishowe vinaipasua magma yenyewe vipande vipande. Majivu ya volkano ndiyo hayo: chembe za mwamba na kioo. Hakuna kilichoungua, ingawa jina linapotosha wengi.

Kutabiri, wanafuatilia mitetemo midogo, kuvimba kwa mlima (GPS na setilaiti hunasa hata sentimita chache) na gesi. Pinatubo, Ufilipino, Mei 1991, salfa dayoksaidi, gesi inayotoka kwenye magma, iliongezeka karibu mara 10 ndani ya wiki mbili, kisha ikashuka. Asiyejua angeshusha pumzi. Kumbe njia ya gesi ilikuwa inaziba. Makumi ya maelfu ya watu walihamishwa kabla ya mlipuko mkubwa wa Juni 15.

Ila usiwategemee kwa kila kitu. Ontake, Japani, 2014, mlipuko ulikuwa wa mvuke tu, bila magma mpya kupanda juu, na dalili za wazi zilitangulia kwa dakika chache. Wapanda mlima zaidi ya 50 walikufa.