Kwa wewe unayeanza mwaka wa kwanza wa uandishi wa habari

Mdogo wangu uliyepata nafasi mwaka huu, iwe SAUT Mwanza, SJMC Dar es Salaam au chuo cha mkoani kwenu, utasikia mengi kuhusu kamera na programu za kuhariri. Hayo utayajua tu. Ninachokuomba ni kwamba miaka yako ya chuo uitumie kujifunza kutafuta habari, maana ukishaajiriwa hakuna mhariri atakayekuwa na muda wa kukufundisha hilo.

Masomo ya darasani usiyadharau. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilileta Bodi ya Ithibati, inayowaidhinisha waandishi wa habari Tanzania, na kanuni zake za 2017 zikaweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu ya mwandishi. Kwa hiyo stashahada unaihitaji. Ila stashahada haikupi habari.

Habari unaipata hivi. Kila mwaka, mwezi wa nne, ripoti za CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zinawasilishwa bungeni, kisha zinawekwa kwenye tovuti ya ofisi yake, bure kwa yeyote. Vyombo vikubwa hukimbilia mabilioni ya mashirika ya umma, na baada ya siku chache mambo yamepoa. Wewe fungua ripoti ya serikali za mitaa, utafute halmashauri unayoifahamu. Tuseme umekuta zahanati iliyotengewa fedha na haijakamilika. Nenda ukaione. Angalia kama ina milango, kama maji yanafika, kama kuna kitanda cha kujifungulia. Muulize mama mwenye genge la jirani wajawazito wa pale wanapelekwa wapi usiku. Mwone mtendaji wa kijiji. Halafu nenda kwa mkurugenzi wa halmashauri na maswali uliyoyaandika, umpe nafasi ya kujibu.

Hapo pana jambo wengi wanalisahau: ripoti inayotoka Aprili inahusu mwaka wa fedha ulioisha Juni 30 ya mwaka uliotangulia. Tangu hapo jengo linaweza kuwa limekamilika, au limebomoka zaidi. Ukiisoma ripoti kana kwamba inasimulia ya leo, utamwonea mtu. Ndiyo maana nasisitiza nauli ya kwenda huko ni bora kuliko taa mpya ya kurekodia.

Ukirekodi, zima feni, simu iwe karibu shubiri moja na mdomo wa anayezungumza, na uvae hedifoni usikie anachosikia msikilizaji. Kabla hujaondoka, mwombe ataje mwenyewe jina lake na cheo chake mbele ya kinasa sauti. Kwenye uandishi wa redio, takwimu zipunguze: shilingi 1,487,650,000 kwa mtu anayepika huku akisikiliza ni karibu bilioni moja na nusu, inatosha. Soma kwa sauti kila sentensi. Ukikata pumzi katikati, igawe.

Kuna suala la bahasha pia. Utaitwa kwenye mkutano na waandishi, na mwishoni utasainishwa karatasi na kupewa "nauli". Siwahukumu kaka na dada zetu wa mikoani wanaolipwa kwa habari moja moja, tena kwa kuchelewa. Wana watoto wa kulisha, na waajiri wao ndio wa kuulizwa kwanza. Lakini wewe bado unaishi kwa boom, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi, au kwa mzazi. Huu ndio wakati wa kuzoea kukataa, kwa heshima, bila kelele. Aliyekulipia nauli leo, kesho atakupigia simu kuuliza kwa nini habari yake haijatoka.

Na ukifika wakati wa kuomba field, yaani mafunzo kwa vitendo kwenye chombo cha habari, usiende na barua ya chuo peke yake. Nenda na habari moja ya dakika tatu, ile ya zahanati kwa mfano, kwenye flashi. Ambatanisha ukurasa wa ripoti ulioutumia, tarehe uliyofika pale, na majibu ya halmashauri hata kama walijibu kwa mstari mmoja. Mhariri akikuuliza umejuaje, unamwekea karatasi mezani.