Rufaa ya mgonjwa wa moyo Morogoro–Dar: muda mwingi tuliupoteza kabla ya safari

Mkuu, umeuliza: mzee wako aliwahi kupata shambulio la moyo na mnaishi Morogoro, je, likijirudia mumkimbize Dar wenyewe au msubiri ambulensi ya rufaa? Nakujibu kwa yaliyompata baba yangu, barabara hiyohiyo.

Alianza kubanwa kifua saa kumi na moja alfajiri, jasho linamtoka, akadhani ni vidonda vya tumbo. Saa moja tulikuwa hospitali. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilipigwa haraka, akatafunishwa aspirini. Baada ya hapo tukakaa. Gari lipo, dereva hayupo. Dereva kaja, mafuta hamna, tukachanga. Barua ya rufaa inangoja sahihi. Tumetoka getini saa nne na nusu! Halafu kuna malori ya Chalinze na foleni ya Kibaha. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, tulifika saa nane inakaribia.

Swali la kwanza la daktari: "Kule alipewa dawa ya kuyeyusha donge la damu?" Sikuwahi hata kuisikia.

Ndiyo ninayotaka uishike. Kwa shambulio ambalo ECG inaonyesha mshipa umeziba kabisa, kama hawezi kuzibuliwa kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa) ndani ya dakika 120 tangu ECG isomwe, mwongozo unataka adungwe dawa hiyo hapohapo alipo, kisha ndipo asafirishwe. Mwisho wa kuidunga ni muda wa saa 12 tangu maumivu yaanze, na kila dakika misuli ya moyo inakufa. Morogoro hadi Dar ni kama kilomita 190, kwa hiyo hizo dakika 120 kwa barabara huzipati. Si kila mtu anafaa. Aliyewahi kuvuja damu kwenye ubongo hapewi. Lakini uliza, tena kwa sauti.

Gari binafsi hapana. Mapigo yanaweza kuvurugika njiani, na bila nesi na mashine ya kushtua moyo mtamtazama tu. Wakati gari linaandaliwa, mwombe daktari awapigie wanaompokea na kuwatumia picha ya ECG kwa WhatsApp.

Baba aliwekewa stenti, kijibomba cha kuuacha mshipa wazi, yupo, ila ngazi hapandi bila kupumzika katikati. ECG yake ya mwisho tumeibandika nyuma ya mlango, na namba ya dereva imeandikwa juu yake.